Wanafunzi Ishirini wa Daktari

Sehemu ya Sita

Kidole cha Mkaguzi bado kiko hewani, msomaji, pale pale kilipokuwa gazeti la Jumamosi iliyopita lilipoishiwa nafasi. Kinamwelekea Mama Deki.

Na Mama Deki, ambaye kwa miaka kumi na tisa amedeki sakafu ya Idara ya Falsafa bila kuketi hata mara moja kwenye viti vyake, leo ameketi. Safu ya pili, karibu na dirisha. Amevaa koti la kuazima juu ya sare yake ya usafi, na mapajani ameshika daftari ambalo ndani yake hamna hata herufi moja.

"Wewe mama, nimekuuliza," Mkaguzi akasema. "Uko mwaka wa ngapi?"

Mama Deki akalifungua daftari lake tupu, akalifunga.

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Chuo kimepitisha kanuni mpya: idara yenye wanafunzi chini ya ishirini inafungwa, na vyumba vyake anapewa Profesa Slaidi, mkuu wa Kitengo cha Ubunifu, ambaye tangu asubuhi anazunguka korido na futi ya kamba akipima madirisha. Idara ya Falsafa ina mwalimu mmoja, Daktari, anayefundisha masomo tisa peke yake. Mwanafunzi naye ni mmoja. Vijana wengine wote wamekimbilia kozi zenye neno "dijitali" kwenye jina.

Basi Daktari, maji yalipomfika shingoni, akakusanya watu kumi na tisa: mlinzi wa geti, mpishi wa kantini, fundi bomba, mtunza bustani, madereva, wahudumu wa maktaba, na Mama Deki. Akawaketisha darasani na kuwafundisha jibu moja tu. Wakiulizwa chochote, waseme: "Inategemea."

"Inategemea," Mama Deki akajibu.

"Mwaka wa masomo unategemea?"

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, faili nene kwapani. Alikuwa na macho ya kumfanya mtu akumbuke makosa yake ya utotoni. Akamgeukia mlinzi wa geti, mwanamume mwenye kifua kama mlango, ambaye chuo kizima kinamwita Kamanda.

"Na wewe? Jina lako nani?"

Kamanda akaruka wima, visigino pa!

"Inategemea, afande!"

Kule mbele ubaoni, Daktari akafumba macho.

"Sawa," Mkaguzi akasema polepole. "Basi niulize la darasani. Mama, hebu niambie. Kitu kikibadilishwa sehemu zake zote, moja baada ya nyingine, kinabaki kuwa kile kile?"

Hapo ndipo Daktari alipomtupia jicho Mama Deki: sema neno lako moja, unyamaze. Tatizo ni kwamba swali hilo Mama Deki alilijua. Kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, amelisikia kupitia mlango ulio wazi huku akideki sehemu moja ya korido mpaka inang'aa kama kioo.

"Inategemea," akaanza. Kisha ulimi ukamponyoka. "Inategemea unamuuliza nani. Mimi nina dekio. Kwenye daftari la stoo limeandikwa dekio namba kumi na nne, nilikabidhiwa siku ya kwanza ya kazi. Kitambaa chake nimebadilisha mara thelathini na kitu. Mpini umevunjika mara nne. Ukimuuliza mtunza stoo, atakuapia ni lile lile. Ukiniuliza mimi, lile lilishatupwa zamani. Ukiiuliza sakafu, haina habari. Sasa kabla sijakujibu, mama, niambie kwanza: unauliza kwa niaba ya daftari, ya mkono, au ya sakafu?"

Mpishi alisahau kufunga mdomo.

Mkaguzi akavaa miwani yake taratibu. Akamtazama Mama Deki kutoka utosini mpaka kwenye kandambili.

"Mna walimu wazuri hapa," akasema.

Daktari akashusha pumzi. Aliishusha mapema mno.

"Toeni karatasi! Mtihani, dakika ishirini. Simu zote nazitaka humu."

Akaonyesha ndoo iliyokuwa pembeni ya mlango. Fundi bomba akauliza kama ni kavu. Mama Deki akasema ni kavu kiasi. Simu zikaanza kutumbukia, moja baada ya nyingine, mpaka ndoo ikamfikia msichana wa safu ya mbele, na hapo ikakwama.

Huyo, msomaji, ndiye mwanafunzi. Yule mmoja. Walimpachika jina la Betri kwa sababu tangu afike chuoni hajawahi kuingia chumba chochote bila kutafuta kwanza soketi iko wapi. Na kuna jambo ambalo mle darasani walilijua watu wawili tu: Betri ni mtoto wa mdogo wake Mama Deki, aliyelelewa kwa Mama Deki tangu akiwa na miaka sita. Miaka mitatu wamepishana kwenye korido ile bila salamu. "Mamkubwa, usinisemeshe pale chuoni, wenzangu watanicheka," aliomba siku ya kwanza. Mama Deki alikubali. Hakutaka hata kumuuliza ni wenzake gani, maana idara nzima alikuwa peke yake.

"Simu," Mkaguzi akarudia.

"Nina chaji asilimia tatu tu, haitanisaidia kitu."

"Basi hutaikosa."

Simu ikaingia ndooni. Betri akabaki ameshika kalamu kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Mkaguzi akaandika ubaoni kwa hati kubwa ya duara: HAKI NI NINI?

Watu wakainamisha vichwa. Kamanda alijaza kurasa mbili kuhusu geti lake: kwa nini gari la Makamu Mkuu wa Chuo linapita bila kupekuliwa wakati kikapu cha mpishi kinapekuliwa kwenda na kurudi, na je, ni yeye anayedhulumu au ni geti? Fundi bomba aliandika kwamba ghorofa ya chini inapata maji kwanza si kwa sababu inastahili, ila kwa sababu iko chini, akachora na mchoro. Mpishi aliandika nusu ukurasa kuhusu nani apewe ukoko, akafuta, akaandika upya, akalia kidogo.

Mama Deki aliandika kuhusu mtu anayeteleza. Ukideki sakafu na mtu akateleza, kosa ni la nani: aliyeilowesha, aliyekimbia, au aliyeamua korido idekiwe saa ambayo watu wengi wanapita? Alishangaa jinsi mkono wake ulivyokuwa ukienda wenyewe. Dakika ishirini zilipokwisha alikuwa bado ana mengi, na alihisi hasira ya kukatizwa ambayo hakuwahi kuihisi maishani.

Mkaguzi akasahihisha pale pale kwa kalamu nyekundu. Alikuwa na kasi ya ajabu. Vema, vema, kosa, vema. Pembeni akaandika "Hati inasomeka" na "Ongeza bidii", na kwenye karatasi ya Kamanda akachora nyota. Daktari alishangaa kidogo kuona mkaguzi wa vyuo vikuu anachora nyota, lakini hiyo haikuwa siku ya kuuliza maswali.

Karatasi ya mwisho, Mkaguzi aliishika juu kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?"

Betri akainua mkono nusu.

Mkaguzi akasoma kwa sauti. "'Bila shaka! Hii hapa insha kuhusu haki, yenye utangulizi, hoja kuu tatu na hitimisho.' Halafu panafuata nafasi tupu. Ukurasa mzima, mweupe. Halafu chini kabisa: 'Je, ungependa niifupishe?'"

Kamanda akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nimemaliza," Mkaguzi akasema, akifunga faili lake. "Kumi na tisa hawa ni wanafunzi, nakubali. Wanafikiri, wanabishana, wanakosea kwa akili zao wenyewe. Lakini huyu mmoja, Daktari, niambie ukweli. Mmemwokota wapi?"

Unaona sasa, msomaji, mambo yalivyopinduka!

"Ni mimi!" Betri akapiga kelele. "Mimi ndiye mwanafunzi! Hawa wengine wote ndio wa kuokotwa! Kitambulisho hiki hapa!"

"Kitambulisho kinatengenezwa kwenye banda lolote la fotokopi."

"Nina alama za A! Nina A kumi na moja!"

"Ndiyo kwanza umezidi kunitia wasiwasi," Mkaguzi akasema. "Daktari, nasikia sharti lenu ni wanafunzi ishirini. Hapa wako kumi na tisa na binti mmoja aliyejipenyeza. Huyu atoke nje, jina lake lipelekwe kwa wanaohusika na udanganyifu."

Daktari alifungua mdomo. Akatazama viti vyake, akatazama ubao wake, akaufunga. Angesema nini? Kumtetea Betri ni kuwafichua kumi na tisa. Kunyamaza ni kumpoteza mwanafunzi pekee wa kweli aliyekuwa naye.

Mama Deki alimwona Betri anageuza kichwa polepole, anamtafuta. Hakumtazama kwa macho ya mwanachuo. Alimtazama kwa yale macho ya mtoto wa miaka sita aliyeshushwa mlangoni kwake na begi moja.

Akapiga moyo konde. Akasimama, akavua koti la kuazima. Sare ya usafi ikaonekana, jina la chuo limefifia kifuani.

"Mama, huyo binti ni mwanafunzi. Ni mtoto wangu, nimemlea mwenyewe. Mwongo ni mimi. Mimi ni mfagiaji."

"Siku hizi wanafunzi wengi wanafanya kazi," Mkaguzi akajibu.

"Sijasajiliwa! Sijawahi kusoma hapa!"

"Ungekuwa hujasoma ungeandika hivi?" Akainua karatasi yake. "Umepata kumi na saba juu ya ishirini. Mbili nimekata kwa kutoacha pambizo."

"Na ya tatu?"

"Kaa chini."

Kamanda naye akasimama. "Hata mimi si mwanafunzi, afande. Mimi ni mlinzi."

"Na mimi ni mpishi," mpishi akasema, akainuka na kijiko chake mfukoni. Fundi bomba akainuka. Madereva wakainuka. Darasa zima likawa wima, kila mtu anaapa kwamba hana elimu yoyote, na Mkaguzi anazidi kuwakatalia mmoja mmoja kwa kuwasomea hoja zao wenyewe.

Katikati ya kelele hizo Betri akamkimbilia Mama Deki, akamkumbatia mbele ya watu wote.

"Mamkubwa, nisamehe."

Lilikuwa ndilo neno la kwanza kumwambia ndani ya uzio wa chuo kwa miaka mitatu. Lakini Mama Deki hakuwa mtu wa kusahau ajenda.

"Hebu niambie. Miaka mitatu yote ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nilikuwa naiuliza simu, mamkubwa."

"Simu! Na mimi niko hapo kwenye korido!"

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Akaingia Profesa Slaidi, futi ya kamba shingoni, tabasamu limefika masikioni. Nyuma yake, mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, tableti mkononi.

"Mkaguzi wa Tume ya Vyuo amefika!" Profesa Slaidi akatangaza. "Amekaa getini nusu saa nzima, hakuna mlinzi!"

Watu wote wakamtazama Kamanda.

"Nilikuwa kwenye mtihani," Kamanda akasema.

Kisha, polepole, vichwa vikageuka upande mwingine. Daktari ndiye aliyekuwa wa mwisho kugeuka, na uso wake ulikuwa umepauka kama chaki.

"Kama huyu ndiye mkaguzi," akauliza, "mheshimiwa, wewe ni nani?"

"Mimi?" Yule mama akashusha miwani yake. "Mimi ni mwalimu mstaafu. Darasa la nne, miaka thelathini na mitatu. Nimekuja kuulizia fomu ya kujiunga."

"Lakini ulisema wewe ni mkaguzi!"

"Nilisema saa ngapi? Wewe ulinikimbilia pale getini, ukanipokea faili, ukaniita mheshimiwa. Nikasema moyoni, chuo hiki kina adabu. Ukaniambia nikague nipendavyo. Nami siwezi kujiandikisha mahali kabla sijajua kama wanafunzi wake wana kitu kichwani." Akapanga karatasi zake vizuri. "Wanacho. Nimeridhika. Fomu iko wapi?"

Daktari alitafuta kiti, akakikosa, akakalia ndoo ya simu.

Profesa Slaidi alikuwa anacheka mpaka futi inamtingishika. "Mlinzi, mpishi, mfagiaji! Umejaza darasa kwa wapita njia! Mkaguzi, shahidi ni wewe. Hesabu mwenyewe vichwa halali humu. Ni kimoja!"

"Sisi hatuhesabu vichwa," yule mwenye suti akasema. Tumwite Bwana Tableti, maana tangu aingie hakuwa amemtazama binadamu yeyote. Alikuwa anatazama kioo tu. "Vichwa vinadanganya. Leo vipo, kesho havipo. Sisi tunaangalia mfumo."

Akapapasa kioo kwa kidole.

"Idara ya Falsafa. Mwaka wa tatu. Wanafunzi waliosajiliwa: ishirini."

Profesa Slaidi akaacha kucheka.

Bwana Tableti akaanza kusoma orodha. Akasoma jina la Kamanda, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, ambalo Kamanda mwenyewe alichukua muda kulitambua. Akasoma la mpishi. La fundi bomba. Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na alama za kila muhula mbele ya jina. Kisha akasoma jina la Mama Deki.

"Wastani, sitini na nane."

Mama Deki akapenya katikati ya watu. Akamwendea Daktari pale juu ya ndoo.

"Daktari, umefanya nini?"

Daktari hakuinua kichwa. "Mnakumbuka ile fomu ya miaka mitatu iliyopita? Mliyosaini nyote?"

"Ile ya vipimo vya sare mpya?" Kamanda akauliza.

"Haikuwa ya vipimo vya sare."

"Kwa hiyo sare haziji?"

"Nyamaza kidogo, Kamanda," Mama Deki akasema. "Daktari, ulituandikisha bila kutuambia. Na hizo alama umezitoa wapi? Umezibuni?"

Hapo Daktari alisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kukasirika.

"Sijawahi kubuni alama maishani mwangu! Kila swali mliloniuliza, mlangoni, kantini, getini, nimeliandika na kulisahihisha. Kamanda amepata hamsini na moja: anabishana vizuri lakini hasikilizi. Wewe ulikuwa unasimama hapo na dekio lako, unaniuliza jambo moja tu, kisha unaondoka, na mimi nashindwa kulala. Miaka mitatu wewe ndiye uliyenifanya nijiandae kabla ya kipindi."

Maneno hayo Mama Deki aliyapokea taratibu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga na hajui amshike wapi. Miaka kumi na tisa alidhani anaiba masomo. Kumbe kuna mtu alikuwa akimwona.

Kisha akasema, "Kwa nini sitini na nane? Kwa nini si sabini?"

"Mwezi wa sita hukuonekana wiki mbili."

"Nilikuwa naumwa!"

"Hukuleta karatasi ya hospitali."

"Daktari!"

"Kanuni ni kanuni."

Bwana Tableti akakohoa. "Wanafunzi wako sawa. Kwenye mfumo hawana tatizo. Tatizo liko kwa mwalimu."

Profesa Slaidi akaishika tena futi yake.

"Mfumo unaonyesha mwalimu wa idara hii alistaafu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo, hakuna."

"Mimi?" Daktari akajipapasa kifuani. "Mimi nimestaafu? Mbona nipo hapa?"

"Ulitumiwa baruapepe."

"Mimi baruapepe sifungui!"

"Ndiyo hivyo. Kwa macho nakuona. Kwenye mfumo sikuoni. Na idara yenye wanafunzi bila mwalimu inafungwa leo, saa kumi jioni." Akatelezesha kidole. "Isipokuwa kwa kifungu kimoja. Mtumishi aliyekaa idarani muda mrefu kuliko wote, na mwenye wastani usiopungua sitini, anaweza kukaimu. Ila lazima tumwone akifundisha. Yupo mtu wa namna hiyo?"

Viatu vya darasa zima vililia sakafuni kwa pamoja, kwa jinsi watu walivyogeuka.

"Hapana," Mama Deki akasema. "Hapana, hapana. Mimi nina vyoo vya ghorofa ya pili vinanisubiri."

"Dakika kumi," Bwana Tableti akasema. "Anza."

Daktari akatoa chaki mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha Mama Deki, akamfunga vidole juu yake. Akatembea hadi safu ya pili, karibu na dirisha, akaketi kwenye kile kiti alichotoka Mama Deki, akafungua lile daftari tupu kwenye ukurasa wa kwanza.

Mama Deki akasimama mbele ya ubao. Ubao huo ameufuta mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kuuandikia, hajawahi. Alifikiria kukimbia, akakumbuka kwamba sakafu ya mlangoni ameideki mwenyewe asubuhi na bado ina utelezi.

"Nani ana swali?" akauliza. Hakujua aanze na nini kingine.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa mkono wa Betri.

"Samahani, mamk... Samahani, Mwalimu." Mkononi hakuwa na simu wala karatasi. "Nimewaza mwenyewe, sijui kama ni swali zuri. Kama kwenye mfumo Daktari hayupo, miaka hii miwili sisi tumefundishwa na nani?"

Mama Deki alitaka kucheka kwa furaha. Miaka mitatu, na hili ndilo swali la kwanza kutoka kichwani mwa mtoto huyu! Furaha hiyo haikudumu. Bwana Tableti, kwa mara ya kwanza tangu aingie, aliinua macho kutoka kwenye kioo.

"Swali zuri sana," akasema. "Mfumo nao unauliza hilo hilo. Alama zilizotolewa na mtu ambaye hayupo ni batili. Zinafutwa. Za wote ishirini, miaka miwili yote."

Mpishi akashika kichwa. Betri akaziba mdomo kwa mikono miwili, kama anayetaka kulirudisha swali ndani.

"Kuna dawa," Bwana Tableti akaendelea. Akachomoa karatasi moja kutoka ndani ya koti. "Kaimu asaini hapa kwamba kwa miaka miwili iliyopita ni yeye, peke yake, aliyefundisha na kusahihisha katika idara hii. Akisaini, alama zinabaki, idara inabaki. Sina muda. Kalamu hii hapa."

Mama Deki akaisoma karatasi. Akaisoma tena. "Peke yake." Neno lilikuwa limepigwa mstari.

"Nikisaini hapa," akauliza, "Daktari anakuwa nani?"

"Anakuwa alivyo sasa. Hayupo."

"Saini, mama," fundi bomba akanong'ona. "Yeye mwenyewe angetaka usaini."

"Asaini asisaini, hili dirisha ni la kwangu," Profesa Slaidi akasema.

Mwalimu mstaafu wa darasa la nne akamkemea kwa jicho moja, naye akanywea.

Mama Deki akamtazama Betri. Miaka miwili ya mtoto, pamoja na zile A kumi na moja za simu, ilikuwa imening'inia kwenye ncha ya kalamu hiyo. Akamtazama Kamanda na hamsini na moja yake. Kisha akainama juu ya meza, akaikunja mikono ya sare, akagusisha kalamu kwenye karatasi.

"Usisaini!"

Daktari alikuwa amesimama. Daftari lilikuwa limemwanguka miguuni.

"Karatasi hiyo naijua," akasema. "Naijua mpaka hilo neno lililopigwa mstari. Miaka thelathini na moja iliyopita mtu mwenye suti aliingia chumba hiki hiki, akasema idara haina mwalimu, akanitolea karatasi kama hiyo na kalamu. Nikaona aibu kukataa. Nikasaini. Hakuna aliyeniuliza chochote tena mpaka leo."

"Ulikuwa umekuja kuomba kazi?" Mama Deki akauliza.

"Hapana."

"Ulikuwa mwanafunzi?"

Daktari akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mimi nilikuja kurekebisha feni."

Watu wote ishirini na wanne wakatazama juu. Feni ilikuwa pale, katikati ya dari, mapanga yake matatu yamevikwa vumbi la miaka mingi. Ilikuwa bado haizunguki.